Konstebo wa Oxford na Vijidudu Vinavyozoea Dawa

Mnamo mwezi wa Februari mwaka 1941, katika hospitali ya Radcliffe mjini Oxford, Uingereza, alikuwa amelazwa askari polisi mmoja mwenye umri wa miaka 43, jina lake Konstebo Albert Alexander. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alikwaruzwa usoni na mwiba wa waridi. Baadaye ikaelezwa kwamba jeraha lake alilipata katika shambulio la mabomu ya ndege alipokuwa kazini. Vyovyote ilivyokuwa, jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Vijidudu vikaingia, uso ukavimba na kutunga usaha, jicho moja likalazimika kuondolewa, na ugonjwa ukaenea mpaka mapafuni. Madaktari walikuwa wamekwisha kumpa dawa walizokuwa nazo, wala hazikufaa kitu.

Tarehe 12 Februari alianza kudungwa sindano za dawa mpya iliyoitwa penisilini. Haukupita muda mrefu homa ikaanza kushuka. Usaha ukapungua, hamu ya chakula ikarudi, na waliokuwa wakimwuguza wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Lakini penisilini iliyokuwapo ulimwenguni siku zile ilikuwa kidogo mno. Wataalamu walikusanya mkojo wa mgonjwa, wakautoa dawa iliyopita mwilini bila kutumika, kisha wakamdunga tena kwa dawa hiyo hiyo. Hata hivyo, siku chache tu tangu kuanza, akiba yote ikaisha. Vijidudu vilivyosalia vikapata nguvu upya, na tarehe 15 Machi 1941 konstebo akafariki dunia.

Kisa hicho chafaa kukumbukwa katika kila nyumba ya askari, kwani kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba si zamani sana mtu mzima mwenye nguvu zake aliweza kufa kwa mkwaruzo. La pili ni kwamba adui aliyepigwa nusu hurudi. Konstebo yule alikufa kwa sababu dawa ilikwisha. Leo dawa zimejaa madukani, lakini wako watu wanaokufa huku dawa imo mishipani mwao, kwa kuwa vijidudu vimekwisha kuizoea. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Idadi hiyo ilizidi ile ya waliouawa na malaria mwaka huo, ikazidi pia ile ya waliouawa na UKIMWI. Tena mzigo mzito kuliko wote ulionekana katika Afrika iliyo kusini ya Sahara.

ONYO LILITOLEWA MAPEMA

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, alipoona kuvu imeota katika kisahani cha maabara na kuwaua bakteria waliokuwa karibu nayo. Walioigeuza kuwa dawa ni wataalamu wa Oxford, miongoni mwao Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Mwezi wa Mei 1940 waliwatia panya 8 vijidudu vya kufisha. Panya 4 waliopewa penisilini waliishi. 4 ambao hawakupewa walikufa kabla ya mapambazuko.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: hata kabla ya konstebo kudungwa sindano yake ya kwanza, dalili ya hatari ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwezi wa Desemba 1940, Chain na mwenzake Edward Abraham walitangaza kwamba wamekuta bakteria wenye kutoa kitu cha kuivunja penisilini na kuifanya maji matupu. Yaani silaha ilikuwa haijafika vitani, na ngao yake ilikuwa tayari mikononi mwa adui.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, viwanda vya Marekani vilitengeneza dawa hiyo kwa wingi, na majeshi yaliyotua Ufaransa mwezi wa Juni 1944 yalikuwa na dozi zaidi ya milioni 2. Majeruhi wengi ambao katika vita vya kwanza wangalikatwa miguu au kuzikwa, walirudi kwao wazima. Lakini mwaka 1945 Fleming alipopokea Tuzo ya Nobeli pamoja na Florey na Chain, hakujisifu tu. Alionya kwamba siku itakuja ambapo penisilini itauzwa dukani kwa kila mtu. Ndipo asiyejua atakapokunywa kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwa kufanya hivyo awafundishe vijidudu kuistahimili. Alitoa mfano wa mtu aliyejitibu koo kwa dawa isiyotosha, akamwambukiza mkewe vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu, na mke akafa.

Onyo hilo halikuchukua muda kutimia. Katika hospitali moja ya London, kufikia mwaka 1948, zaidi ya nusu ya bakteria wa usaha waliopimwa hawakudhurika tena na penisilini. Mwaka 1959 ikaletwa dawa mpya, methisilini, iliyobuniwa makusudi ili isivunjwe na bakteria hao. Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba bakteria wa kuishinda hiyo nao wameonekana.

JINSI KIJIDUDU KINAVYOPATA USUGU

Husemwa kwamba vijidudu hujifunza, lakini havina akili ya kujifunza kama mwanafunzi darasani. Nguvu yao ni wingi na kasi. Bakteria mmoja, akipata joto na chakula cha kutosha, aweza kugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo, mmoja aliyeachwa saa 2 za usiku, ikifika saa 12 asubuhi amekuwa zaidi ya milioni 1000. Katika umati huo hazikosi hitilafu ndogo ndogo za maumbile. Nyingi hazina faida. Lakini huenda mmoja akazaliwa na hitilafu inayomwezesha kuistahimili dawa. Dawa ikija, hufa wenzake wote, naye hubaki peke yake na shamba zima. Watoto wake wote huwa na ngao ile ile.

Ngao zenyewe ni za namna kadhaa. Wako bakteria wenye kuivunja dawa, kama wale wa Oxford. Wako wenye kuisukuma nje ya mwili wao mithili ya mtu anayetoa maji katika mtumbwi unaovuja. Wako wenye kuziba matundu ambayo dawa hupitia. Na wako wanaobadili kile kiungo ambacho dawa hukilenga, hata risasi ikapita bila kupiga kitu.

La kutisha zaidi ni kwamba bakteria huazimana ngao. Wengi wao hubeba kijipete kidogo cha maelezo ya urithi kiitwacho plasmidi, nacho chaweza kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata kama si wa jamii moja. Kijipete kimoja chaweza kuwa na ngao za dawa tano au sita kwa pamoja. Bakteria asiyemdhuru mtu, anayeishi tumboni kwa amani, aweza kuihifadhi ngao hiyo na siku moja kumpa yule mwenye kuua.

SILAHA YA MADINI YA FEDHA

Dawa zilipoanza kushindwa, wataalamu waligeukia tena silaha ya kale, nayo ni fedha. Si fedha ya kununulia, bali yale madini meupe yafanyiwayo pete na mikufu. Tangu miaka ya 1880, daktari wa Kijerumani Carl Credé alikuwa ameonyesha kwamba tone la maji yenye chumvi ya fedha, likitiwa machoni mwa mtoto mchanga, humkinga na upofu uletwao na kisonono cha mama. Mwaka 1965 maji kama hayo yalianza kutumiwa kwa watu walioungua moto, na mwaka 1968 ikapatikana malhamu yenye fedha ambayo hata leo hupakwa juu ya vidonda vya moto katika hospitali nyingi.

Watu walidhani fedha haiwezi kuzoewa. Lakini mwaka 1975 ilitangazwa habari kutoka hospitali moja kubwa mjini Boston, Marekani. Katika wodi ya waliochomwa moto walizuka bakteria wa jamii ya Salmonella ambao hawakudhuriwa na fedha, na wagonjwa wakafa. Walipochunguzwa, ilionekana kwamba ngao ya fedha ilikuwa katika kijipete kimoja pamoja na ngao za kuzuia dawa za sindano na vidonge.

Hapo ndipo penye fundisho zito. Ngao zikiwa katika furushi moja, silaha moja ikitumiwa ovyo hulitunza furushi zima. Anayepaka fedha mahali pasipohitaji aweza, bila kujua, kuwalea bakteria ambao kesho wataishinda ampisilini.

CHEMBE NDOGO KULIKO VUMBI

Katika miaka ya karibuni limezuka tumaini jingine: chembe za nano. Nano moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe za nano huwa na upana wa nano 1 hadi 100, hali unywele wa binadamu una upana wa nano zipatazo 80,000. Chembe za fedha za ukubwa huo hutiwa katika bandeji, katika mipira ya kutolea mkojo hospitalini, na hata katika soksi na nguo za ndani ili zisinuke. Chembe hizo hushambulia pande nyingi kwa wakati mmoja: hutoboa ngozi ya bakteria, hutoa sumu ya fedha ndani yake, na huvuruga kazi za mwili wake. Wengi waliamini kwamba adui aliyezingirwa hivyo hana pa kutokea.

Lakini alipata. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Joseph Graves, waliwakuza bakteria wa tumboni waitwao Escherichia coli mahali penye chembe za fedha. Baada ya vizazi 225, ambavyo kwa bakteria ni jambo la wiki chache tu, walikuwa wamekwisha kuzistahimili, tena kwa mabadiliko machache ya maumbile.

Mwaka 2018 wataalamu wa mji wa Olomouc, katika Jamhuri ya Cheki, walitangaza jambo la ajabu zaidi. Bakteria wao, baada ya kukutanishwa na chembe za fedha mara kwa mara, walizishinda pasipo kubadilika maumbile hata kidogo. Walitumia mkia wao. Bakteria hao huogelea kwa mikia myembamba iliyofanywa kwa protini iitwayo flajelini. Waliitoa protini hiyo kwa wingi, nayo ikazigandisha zile chembe pamoja zikawa mabonge. Chembe ya nano ina nguvu kwa sababu ni ndogo. Ikishakuwa bonge, nguvu imekwisha. Ni kama kikosi cha askari hodari kilichofungwa pamoja kwa kamba moja.

Hata hivyo wataalamu hao hawakuishia hapo. Walipotia maji ya ganda la komamanga, ambayo huzuia bakteria kutengeneza flajelini, chembe za fedha zikapata tena uwezo wake. Habari hii ni njema, lakini isifahamike vibaya. Jaribio hilo lilifanyika katika vyombo vya maabara, si katika mwili wa mgonjwa. Mama asichemshe maganda ya komamanga akampa mtoto mwenye kidonda badala ya kumpeleka zahanati. Fundisho la Olomouc ni jingine: hata silaha mpya kabisa huzoewa, na anayetaka kuitunza hana budi kumjua adui kabla ya kuitumia.

MFANO WA AFRIKA MASHARIKI

Je, vita hivi havishindiki? Vinashindika, na ushahidi mmoja mkubwa ulipatikana katika nchi zetu. Dawa ya streptomisini ilipoanza kutumiwa kwa kifua kikuu katika miaka ya 1940, wagonjwa walipata nafuu upesi. Lakini wengi waliopewa dawa hiyo peke yake walipatwa na vijidudu sugu, ugonjwa ukarudi. Ndipo ilipofahamika kwamba kifua kikuu hupigwa kwa dawa mbili au tatu kwa pamoja, ili kijidudu kinachoepuka ya kwanza kiuawe na ya pili.

Shida ilikuwa muda. Matibabu yalichukua hata miezi 18, na wagonjwa wengi walichoka njiani. Katika miaka ya 1970, hospitali za Afrika Mashariki zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kufanya uchunguzi. Matokeo ya kwanza, yaliyotangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa zikichaguliwa vizuri na mgonjwa akizinywa bila kukosa, miezi 6 yatosha. Utaratibu wa miezi 6 ulienea duniani kote baadaye, ukaokoa watu wasiohesabika. Kumbe wagonjwa, wauguzi na madaktari wa Afrika Mashariki waliufundisha ulimwengu kwamba nidhamu katika kunywa dawa ni silaha sawa na dawa yenyewe.

Askari analifahamu hilo kuliko mtu yeyote. Kikosi hakirushi risasi zake zote kwa kivuli, wala hakiachi lindo usiku wa manane kwa kuwa kimya kimetanda. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu mwaka 2017, limezigawa dawa za kuua bakteria katika makundi matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa tahadhari, na za akiba. Zile za akiba hazipaswi kuguswa mpaka nyingine zimeshindwa. Na haja ya akiba si ndogo. Majeruhi wa Kimarekani waliotoka Iraki baada ya mwaka 2003, na majeruhi wa vita vya Ukraine vilivyoanza kupamba moto mwaka 2022, wengi walikutwa na vidonda vyenye bakteria waliozishinda dawa nyingi.

KAZI YA NYUMBANI

Vita hivi havipiganwi hospitalini tu. Mara nyingi huanzia katika kabati la nyumbani na katika duka la dawa lililo nje ya lango la kambi. Baba anaumwa koo. Anatumwa mtoto kununua vidonge vinne vya rangi mbili, kwa kuwa fedha ya dozi nzima haipo. Siku ya pili koo limepoa, vidonge viwili vinabaki. Vinawekwa. Mwezi ujao mtoto wa jirani anakohoa, mama anavikumbuka, anavitoa kwa moyo mwema kabisa. Hakuna mwovu katika hadithi hii, wala hakuna aliyepona kwa vidonge hivyo. Waliofaidika ni bakteria peke yao.

Hivyo basi, kila familia yafaa ishike mambo yafuatayo.

Kwanza, mafua, na vikohozi vingi na maumivu mengi ya koo, huletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria haziwezi kuua virusi. Mgonjwa wa namna hiyo ahitaji mapumziko, maji ya kunywa na uangalizi. Lakini mtoto anayepumua kwa haraka, anayeshindwa kunyonya au aliyelegea, apelekwe zahanati upesi bila kungoja kesho.

Pili, homa ipimwe kabla ya kutibiwa. Si kila homa ni malaria, wala si kila homa isiyo malaria ni ya kudungwa sindano. Mgonjwa asimshurutishe mganga ampe dawa kali. Mganga anayekataa kutoa dawa isiyohitajika amefanya kazi yake.

Tatu, dawa inywewe kwa kipimo, kwa saa na kwa siku alizoagiza mganga. Ikileta madhara, mgonjwa arudi kwa mganga, asiiache wala kuibadilisha kwa shauri lake. Asiyeweza kununua dozi nzima aseme wazi mapema, ili atafutiwe dawa nyingine au msaada. Kununua nusu ni kununua hasara.

Nne, dawa ya mmoja isinywewe na mwingine, wala iliyobaki isiwekwe kwa ajili ya kesho. Irudishwe kwa mganga au duka la dawa; isitupwe chooni wala mtaroni, ambako bakteria hupata mahali pa kuizoea.

Tano, wafugaji wa kuku na ng'ombe wasichanganye dawa katika chakula ili mifugo inenepe. Mnyama aliyetibiwa asichinjwe, na maziwa au mayai yake yasiliwe, mpaka zimepita siku alizotaja daktari wa mifugo.

Sita, ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kutoka chooni. Maji ya kunywa yachemshwe, choo kifunikwe, watoto wapate chanjo zao zote kwa wakati. Jeraha, hata likiwa dogo kama la mwiba, lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Likivimba, likiwa na joto au likitoa usaha, lionwe na mganga.

Mambo haya hayahitaji maabara wala mitambo. Yahitaji nidhamu ile ile ambayo askari hufundishwa siku ya kwanza uwanjani, ila mara hii mama na watoto nao wamo kikosini.

Mwaka 1941 watu werevu kabisa wa Oxford walichuja mkojo ili wapate matone machache ya dawa ya kumwokoa konstebo mmoja, na hawakufaulu. Lau wangaliona vidonge vinavyobaki leo katika makabati, vingine vimenywewa nusu, vingine vimeyeyuka kwa unyevu, wangalistaajabu sana. Konstebo Alexander hakuwa na kosa, dawa ilimwishia. Atakayekufa kesho kwa sababu dawa imezoewa nyumbani mwake hatakuwa na udhuru huo. Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.